Rra-Pako na Kicheko cha Wanaojua

Olebile, ambaye kijiji kizima kando ya mto Boteti kilimwita Rra-Pako, yaani Baba Pako, kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa mlinzi wa geti la barabarani la kukagulia mifugo na nyama, na mzaha ulikuwa haumwingii hata kwa nyundo. Ukimwambia umekufa njaa, alikutazama juu mpaka chini, akakujibu, "Mbona unapumua?"

Kazi ilimfaa. Kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, nyama mbichi kutoka kaskazini haikuruhusiwa kuvuka pale. Rra-Pako aliwahi kumnyang'anya mchungaji wa kanisa lake mwenyewe paja la mbuzi, kisha Jumapili akakaa benchi la mbele kumsikiliza akihubiri juu ya huruma. Mkewe, Dikeledi, siku hiyo alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo kwa aibu.

Ni Dikeledi aliyemsukuma ajiunge na kikundi cha kusoma maktabani kwa mkutubi, Mma Tshenolo, labda angelainika. Walisomewa hadithi fupi ya tajiri aliyeibiwa kuku, akaajiri mlinzi, asijue mlinzi ndiye mwizi. Kila asubuhi kuku wakipungua, tajiri alimshukuru: "Bila wewe wangekwisha wote!" Akamwongezea chakula. Watu wakaangua kicheko. Rra-Pako akasimama.

"Mma, mmejua lini kwamba mlinzi ni mwizi?"

"Ukurasa wa pili, Rra."

"Na mpaka mwisho hakuna aliyemwambia mzee wa watu?"

Kicheko kikazidi. Mma Tshenolo akajifuta machozi kwa ncha ya shali. "Hicho ndicho kinaya, Rra-Pako. Sisi tunajua, yeye hajui. Anavyozidi kujiamini ndivyo tunavyozidi kucheka. Akiambiwa, hadithi inakufa."

"Bora ife hadithi kuliko kuku," akasema, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Haukupita muda, binamu yake Dikeledi akaolewa huko kaskazini ya geti, nyumbani kwa kina Dikeledi. Walikula, wakacheza, na asubuhi ya kuondoka, Rra-Pako akiwa nyuma ya nyumba ananawa uso, mama mkwe wake akatoka jikoni na furushi la nailoni. Ndani mlikuwa na ini na utumbo mbichi. Akalisukumia chini kabisa ya begi la mkwewe, chini ya suti ya harusi.

"Nyamazeni," akawaambia shangazi watatu wa Dikeledi waliokuwa wamekwisha kupanda pikapu. "Mkwe wangu ana haya, nikimpa mbele za watu atakataa. Akifungua nyumbani atanikumbuka."

Dikeledi naye aliona. Alifungua mdomo amwonye mumewe, likamjia akilini lile paja la mchungaji, akaufunga.

Bati la pikapu lilikuwa la moto, kwa hiyo Rra-Pako akaliweka begi lake chini akalikalia.

"Ajabu," akasema walipoanza safari. "Begi hili limekuwa laini kweli."

Shangazi mmoja akapaliwa na mate.

Njia nzima aliwasimulia ujanja wa wasafiri. "Wanaficha nyama hata kwenye nepi za watoto! Lakini mimi nyama naijua kwa pua tu."

"Kwa pua, mwanangu?" akauliza Mma-Lesego, shangazi mkubwa kuliko wote.

"Kwa pua, mama. Hata iwe imefungwaje."

Mma-Lesego akajifunika blanketi usoni, mabega yakamtikisika.

Getini walimkuta Boitshepo, binti aliyekuwa mlinzi mpya. "Aa, mkuu! Nyinyi piteni tu."

Rra-Pako akaruka chini, amekunja uso. "Kupita tu? Ndivyo nilivyokufundisha? Anza na begi langu."

"Baba Pako, jua kali, twende zetu," akasema Dikeledi.

"Sheria haina jua wala kivuli, mama Pako. Fungua, binti!"

Boitshepo akafungua. Akaitoa suti, inachuruzika damu. Kisha ini likateleza likaangukia kiatu cha Rra-Pako.

Mma-Lesego akaanza kucheka, na pikapu nzima ikafuata. Rra-Pako alikijua kicheko kile, alikisikia maktabani. Akawatazama mmoja mmoja.

"Mlijua?"

"Tangu asubuhi, Rra."

"Na niliposema habari za pua?"

"Hapo, mwanangu, nilikaribia kujikojolea!"

Alidhani amekasirika, akafungua mdomo agombe, kikatoka kicheko, kikavu, cha mtu asiyezoea. Akacheka mpaka akakaa mchangani. "Na nimeikalia!" akawa anasema. "Nimeikalia njia nzima!"

Alipotulia alimwamuru Boitshepo alitupe furushi shimoni, kisha yeye mwenyewe akalimwagia mafuta ya taa na kulichoma. Na utumbo ndio chakula alichokipenda mno.

Jioni mama mkwe akapiga simu. "Mkwe, uliuonaje utumbo?"

Rra-Pako akamwita Dikeledi kwa mkono aje asikilize. "Ulikuwa wa moto sana, mama," akasema kwa adabu zote. "Uliisha wote, haukubaki hata kipande."

"Jamani, mwanangu! Basi mwezi ujao naja mwenyewe, nikuletee ng'ombe nusu."

Tabasamu likamfutika Rra-Pako. Aliyecheka safari hii alikuwa Dikeledi.