Pumzi ya Dereva wa Kreni

Kazini walimwita Kipanga, maana nusu ya maisha yake ameimalizia angani, ndani ya kibanda cha vioo juu ya kreni, akipandisha nondo na zege kwenye maghorofa ya watu. Juzi kizunguzungu kilimshika mzigo ukiwa hewani. Alimwambia mkewe tu, na mkewe akamkokota mpaka hospitali, kwa mtafiti aliyekuwa akipima jinsi utulivu unavyoshusha presha.

"Kaa vizuri, baba. Fumba macho, legeza mwili," alisema mtafiti, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, akimfunga mkanda wa mashine ya presha mkononi.

Kipanga akatulia tuli. Mashine ikalia. Binti akakunja uso.

"Imepanda."

"Ah! Na nilivyotulia hivi?"

Wakarudia. Akajikaza kutulia zaidi, nayo ikapanda zaidi. Mkewe, pale kwenye benchi, uvumilivu ukamwishia. "Baba watoto, umeambiwa upumzike, hukuambiwa uwe gogo!"

Simu ikatetema. Msimamizi wa ujenzi. "Kipanga, uko wapi? Zege linaganda kwenye ndoo ya kreni! Usipopanda leo, kiti nampa mwingine moja kwa moja."

"Nakuja, mkuu."

Binti alikuwa akimtazama shingo, mishipa imetuna kama kamba. "Baba, mbona hupumui?"

"Mzigo ukiwa juu hapumui mtu. Ukihema, mkono unacheza. Na chini yupo shemeji yangu, kaka yake huyu mama, ndiye anayenipigia ishara."

"Hapa mzigo uko wapi?"

Akafumbua macho. Meza, kiti, pazia.

Binti akamweleza taratibu. Ukibana pumzi kwa hofu, mwili unadhani hatari imefika. Mishipa inabana, moyo unakwenda mbio. Yeye alibana hivyo miaka nenda miaka rudi, hata mwili ukasahau kuachia.

"Toa pumzi. Polepole. Usiisukume."

Akaitoa. Mabega yakashuka yenyewe, na hakujua kama yalikuwa juu. Mashine ikalia.

"Imeshuka kidogo, lakini bado ni kubwa. Itataka dawa, na mazoezi haya kila siku. Majibu yako siyapeleki kazini kwako, baba. Ila mimi nakwambia usipande."

Simu ikatetema tena. Kipanga akaiangalia. Kile kiti ndicho kilichomlea yeye na nyumba yake. Kazi nyingine haijui. Akapokea.

"Mkuu, leo sipandi."

"Unasemaje?"

"Kichwa kinanizunguka. Nikianguka na ndoo nitaua watu."

"Basi usirudi kukiulizia kiti!" Simu ikakatika.

Kipanga akabaki ameishika. Sasa ndoo itashushwa na mtu asiyemzoea shemeji yake.

"Pumua, baba," alisema binti.

Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni, anampigia kaka yake akae mbali na ile ndoo.