Nilivyoufuta Mdomo wa Bibi

Tangu nilipohamia Mtwara kufundisha jiografia nilikuwa najisifia mkono wangu. Ramani za ubaoni nilizichora bila kuangalia kitabu, na wanafunzi wakiniita msanii sikukataa. Mazoezi ya kuchora maboksi, mipira na mikebe niliyaona ya watoto wa chekechea.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu aliponiomba nimchore mama yake, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Picha za simu anazo, ila simu ikifa zinakwenda nayo. Alitaka wajukuu wamwone bibi yao ukutani, vilevile alivyo. Bibi anaishi Likombe. Ni Mmakonde wa zamani, ana chale mashavuni na tundu kwenye mdomo wa juu, mahali alipokuwa akivaa ndonya, kile kipande cha mti kilichokuwa urembo wa wanawake wa rika lake.

Alikaa mlangoni saa nzima bila kulalamika. Mimi nilijua mistari tu. Chale zikatoka kama mikwaruzo, tundu likawa doa la uchafu, na kila nilipolikoleza lilizidi kuchafuka. Nikachukua ufutio, nikafuta chale zote, nikaliziba tundu la mdomo. Nilijiambia namsaidia. Ukweli wenyewe naona aibu kuuandika: sikushindwa tu, nilidhani pia kwamba uso ule ulihitaji kurekebishwa.

Bibi aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Ntu gani huyu?"

"Ni wewe, bibi."

"Mimi?" Akajipapasa mdomo kwa kidole, taratibu. "Haya. Mzuri."

Binti yake, yule mwalimu mwenzangu, alicheka ili kuniokoa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani Chuno nikaanza chekechea yangu, karibu na dirisha: boksi la kiberiti, yai, bibo la korosho, kikombe cha chai. Mke wangu akapita, akauliza kama mayai nayachora au nayaatamia. Nilijifunza kutazama upande wa mwanga, upande wa giza na kivuli kinacholala mezani, na kukoleza kidogokidogo badala ya kukandamiza penseli. Ndani ya kikombe ndimo nilimohangaika zaidi, maana tundu halichorwi kwa doa jeusi; lina ukingo unaopokea mwanga, na giza lake linaingia polepole. Miezi minne nilichora kikombe kilekile.

Nikarudi Likombe nikijiamini. Bibi akakaa palepale, mwanga ukimwangukia vizuri kabisa. Halafu akavuta kanga yake, akafunika mashavu na mdomo, yakabaki macho.

"Bibi, funua tu. Safari hii nitaweza."

"Hapana, mwanangu. Chora hivihivi. Wajukuu wapate picha nzuri."

Nilimsihi, binti yake naye akamsihi. Akatikisa kichwa. Basi nikachora. Mikunjo ya kanga ile, pamoja na vivuli vyake, ilitoka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora.