Chembe Ngeni Mezani Petu

Juzi sokoni, mwanafunzi mmoja aliweka juu ya mbabula, jiko la makaa, ya muuza maandazi kipande chembamba cha madini kinachogeuza joto kuwa umeme, kisha sufuria ya maji baridi juu yake. Balbu ndogo ikawaka. Sisi wauza ndagala, dagaa wa ziwani, tukapiga makofi. Nyuma yetu alisimama mama mgeni kutoka mwambao wa kaskazini, beseni ya ndagala zake kichwani, kwani hakuna aliyempa nafasi mezani petu.

"Papa, hii madini njo safi kabisa?" mama mkubwa wa meza yetu akamuuliza mwanafunzi.

"Hapana, Mama. Ikiwa safi, umeme haipite muzuri. Wanatia chembe kidogo ya kitu kingine, kigeni."

"Na ikiwa mingi?"

"Inaharibika."

Mwenzetu akacheka: "Munasikia? Wageni wasizidi!"

Mkubwa wetu akamtazama yule mama, akasukuma beseni yake mwenyewe kando kwa kiwiko, nafasi ikapatikana. "Huyu njo mumoja tu. Mama, shusha, utavunjika shingo."

Tukajibana wote, hata mimi na mtoto mgongoni, tukicheka. Mwanafunzi akabaki ameshika balbu yake, maskini, akidhani hatukumsikiliza.