Kikapu Kilichogoma Kutoka Mlangoni

Wenzangu wa kusuka vikapu, mmenisumbua wiki nzima niandike habari za Nejat, na mkono huu umezoea sindano, si kalamu. Haya, nimeishika. Msinihesabie makosa.

Nejat alianza kutafuna mirungi ana miaka kumi na miwili, hapa hapa Harar, mji wetu wa Uhabeshi, akiokota majani waliyoacha wajomba zake kwenye zulia. Sasa ana kumi na saba, mrefu kama mlingoti, lakini moyo umebaki pale pale pa kumi na miwili: akikosea mshono analia, akichekwa anasusa chakula, akichoka anatupa kazi. Kwa Bi Zeytuna, anayefundisha wasichana wa mtaa kusuka vikapu, alikuwa na vitako vya vikapu kumi na kimoja, na hakuna hata kimoja chenye ubavu.

"Dada yako anaolewa Alhamisi," Bi Zeytuna akamwambia. "Usipotundika kikapu chako ukutani kwake kama desturi yetu ya harusi, Jumamosi unahamia mkeka wa watoto, uanze nao upya."

Watoto wakasogea kumpisha nafasi, watundu wale.

Jumatatu Nejat akajaza shavu mirungi. Ilipompanda, dunia ikawa yake. Akasuka huku anacheka peke yake, akamwahidi kila msichana kikapu, akamwahidi na paka. Sindano inaruka tu. Ila alisahau kubana mizunguko ili ubavu upande, kikapu kikazidi kutanuka.

"Shoga, hicho kikapu au uwanja wa mpira?" Rahima, jirani yake wa mkekani, akamuuliza.

"Wivu utakuua, mwenzangu."

Jioni kukitoa, mlango ukakataa. Wakakisimamisha, wakakilaza, Rahima akakivutia dirishani akabaki ananing'inia. Bi Zeytuna alicheka mpaka akakaa chini. Nejat naye alicheka, ila mirungi ilipomwisha shavuni, akalia kama mtoto aliyenyimwa titi.

"Sasa nifanyeje, bibi?"

"Fumua. Bakisha duara la ukubwa wa kiganja, kisha anza kupandisha ubavu. Na mdomo mtupu."

"Nitachoka."

"Utachoka. Mimi nimechoka tangu mama yako hajazaliwa, na bado nasuka."

Jumanne alitupa sindano mara nne, na mara nne akaenda kuiokota mwenyewe. Jumatano alilia, lakini mikono haikusimama.

Alhamisi akatundika ukutani kikapu kidogo, kimepinda kama mlevi, kifuniko hakikai sawa. Wageni wakakicheka. Nejat akacheka nao, kisha badala ya kususa akaongeza sahani ya pili ya chakula.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyesoma, kama una kijana anayeanza kumi asimalize moja, nenda kamtazame shavu, kisha ukae naye mpaka amalize hiyo moja. Na nyasi za kusukia zikikuzidi, tuletee. Zetu nusu zilimezwa na ule uwanja wa mpira.