Zumurrud, Aliyerudi Kutoka Tucumán

Zumurrud binti Tannus aliolewa na mtu ambaye hakuwepo harusini. Bwana harusi, Shibli, alikuwa Tucumán, Ajentina, akiuza vitambaa, kwa hiyo ndugu yake Ilyas ndiye aliyesimama mbele ya padri katika kanisa la Mar Shalita na kumvisha bibi harusi pete kwa niaba yake. Ndivyo walivyofanya katika kijiji chao cha mlimani, Kfar Sindal, miaka hiyo vijana walipokuwa wakihamia ng'ambo, na hakuna aliyeona ajabu.

"Mtazame Ilyas vizuri," shangazi yake alimnong'oneza. "Mumeo ni sura hiyo hiyo, ila mwenyewe ana nywele."

"Basi bora huyo wa mbali," Zumurrud akajibu, na kicheko kikamponyoka mpaka padri akakohoa.

Theluji ilipoyeyuka mlimani, alipanda meli Beirut. Shibli alimpokea bandarini na maua mkononi. Alikuwa mtu mpole, asiyejua kugomba. Zumurrud hakuwa na la kumlaumu.

Jumapili walikwenda kwenye klabu ya wanakijiji wenzao waliohamia huko. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya kanisa la kijijini na mwaloni uliolitilia kivuli. Watu walikula nyama mbichi iliyopondwa na ngano, wakanywa araki, wakamzunguka mgeni kutaka habari za nyumbani. Mzee Butrus, aliyeondoka kijijini akiwa kijana, alivuta kiti karibu.

"Na mwaloni wetu, mwanangu, haujambo?"

"Walishaukata, ami. Mizizi ilikuwa inapasua ukuta wa kanisa."

Mzee Butrus akarudisha kiti nyuma.

"Nani amekutuma utuletee maneno hayo?"

"Sijatumwa. Kuni zake tuligawana. Hata sisi tulipata."

"Muongo! Mimi nimezaliwa chini ya mti ule!"

"Umezaliwa kitandani kwa mama yako, Butrus," mkewe akamkatiza. "Hebu kaa."

Watu walicheka, lakini picha iliachwa palepale ukutani, na Butrus hakumsalimu tena Zumurrud.

"Ungemwacha tu na mti wake," Shibli alisema wakirudi nyumbani.

"Kwani sisi tunarudi lini?"

"Mwakani, Mungu akipenda."

Mwakani ikaja na duka la pili, na nyingine ikaja na la tatu. Mtoto hakupatikana. Pole pole Zumurrud akaelewa kwamba pale klabuni kila mtu alisema mwakani, na wengine walikuwa wamelisema neno hilo mpaka wakazikwa nalo. Habari zilipofika kwamba baba yake, mwashi, ameanguka ukutani na kuvunjika nyonga, alisema anakwenda kumuuguza. Shibli alimkatia tiketi.

"Tangulia. Nitakufuata."

Zumurrud alimtazama, akafunga sanduku lake.

Kfar Sindal ilikuwa imezoea kuaga watu. Kupokea ilikuwa haijui. Mke wa padri alimbana mbele ya tanuri la mikate.

"Alikupiga?"

"Hajawahi."

"Ana mwingine?"

"Hana."

"Sasa umerudi kufanya nini, mwehu wewe? Wenzio wanauza mashamba wapate kwenda!"

"Matufaha ya baba yameiva, hakuna wa kuyachuma."

Wanakijiji walidhani anaficha jambo, wakamsengenya mpaka wakachoka. Alimuuguza Tannus hadi mwisho. Alijenga upya matuta ya mawe yaliyobomoka, akapogoa miti, akapika asali ya zabibu. Ndoa ya kanisani haivunjwi, kwa hiyo alibaki mke wa Shibli, na kila Krismasi walijuliana hali kwa barua.

Shibli alikuja mara moja tu, mvi zimemjaa, akakaa majira yote ya joto. Walikula pamoja barazani kama watu waliozoeana. Alilalamikia mteremko na mbwa wa jirani, na usingizini alisema Kihispania.

"Twende wote," alimwambia siku ya kuondoka.

"Kaa wewe."

Wote wawili wakacheka kidogo, na gari likateremka.

Shibli alipofariki, wenzake walimzika kulekule Tucumán. Zumurrud aliomba kengele ipigwe, akavaa nyeusi, akapokea rambirambi sebuleni kama mjane mwingine yeyote. Mke wa padri, sasa kikongwe, alimuuliza kama aliwahi kumpenda.

"Nilimpenda. Kule ndiko kulikonishinda."

Yeye mwenyewe alizikwa miaka mingi baadaye katika kaburi la ukoo, kando ya baba yake. Bustani ya matufaha ilimwendea mjukuu wa Ilyas, ambaye ameikodisha kwa mtu wa bondeni, na mwenyewe anaishi Sydney.