Mlango Ulioazimwa Lindi

Siku yangu ya kwanza kazini kama mkufunzi, Mkuu wa Kozi hakunionyesha ofisi. Alinipeleka Lindi, ndani kabisa ya Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, akanisimamisha kwenye uchochoro ambao watu wawili hawapishani, akanionyesha paa la hospitali ng'ambo ya bonde.

"Unaiona?"

"Naiona."

"Sasa mgonjwa amelala hapa, hawezi kutembea. Mtoe."

Nilikuwa nimetumika katika zahanati moja huko Kitui, kisha katika kituo cha uokoaji mlimani, na nilijiona nimeiva. Kozi yetu ilikuwa ya stashahada ya juu. Iliwaandaa matabibu na wauguzi watakaotumwa mahali ambapo daktari hayupo na gari halifiki: jangwani, msituni, mlimani. Wengi walijiunga wakiota theluji. Tuliwaanzisha Lindi, kwa sababu huko nako gari halifiki.

Machela yetu, yaani kitanda cha kubebea mgonjwa, ilitengenezwa kwa ajili ya milima. Ilikuwa ndefu, na kwenye kona za Lindi ilikwama kama kabati. Wenyeji walikuwa na njia yao ya siku nyingi. Waling'oa mlango wa mbao, mfupi na mwembamba kama vyumba vyenyewe, wakambeba mtu juu yake, na mwenye mlango akatangulia akiwaambia watu wapishe. Shida ni kwamba nyumba inabaki wazi. Kabla sijaajiriwa, wanafunzi fulani walichukua mlango wa fundi cherehani wakamwachia nyumba hivyo hivyo, na aliporudi hakukuta hata sindano. Mgonjwa aliyefuata hakupewa mlango na mtu yeyote. Alibebwa kwa blanketi, uti wa mgongo ukiwa umevunjika, na hakutembea tena.

Ndipo Mkuu wa Kozi akaweka sheria. "Mmoja wetu anakaa kizingitini mpaka mlango urudi," alituambia. "Mmoja wetu, si jirani. Hata awe profesa."

Jambo jingine niliambiwa na wenyeji. Mtu akifia juu ya mlango, wabebaji huuosha kabla ya kuurudisha, ili mwenyewe asipachike mauti nyumbani kwake. Hilo halikuwamo kwenye mtaala, nami sikuwahi kulitaja darasani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mchana mmoja wa kiangazi, nilikuwa Lindi na wanafunzi watano tulipoitwa. Bati lililokuwa likipandishwa kwenye paa lilikuwa limeponyoka, likampasua mwanamke paja, juu karibu na kinena. Tulipofika nikaona ni Ndunge, dada yangu mdogo.

Jeraha la sehemu hiyo halikubali kufungwa mkanda wa kuzuia damu, kwa kuwa hakuna nafasi juu yake. Hujazwa: unasukuma kitambaa safi ndani mpaka chini kabisa, kisha unakandamiza bila kuachia. Chebet, mwanafunzi aliyekuwa muuguzi Baringo kabla ya kuja kwetu, alilijaza vizuri kuliko ambavyo mikono yangu ingeweza siku hiyo. Mama Nafula, jirani wa Ndunge anayeuza mitumba, aling'oa mlango wake hata kabla hatujaomba.

"Chukueni hii," akasema. "Lakini stoki yangu yote iko ndani."

Wanne walihitajika kubeba, na Chebet hakuweza kuondoa mikono kwenye kidonda. Nilibaki mimi.

"Mwalimu, si uende na yeye tu," Chebet akasema. "Ni sista yako."

"Na nani atakaa?"

Nikawapa simu yangu, iliyokuwa na namba za hospitali. Ndunge akanitazama. "Kaka, unabaki?" Nikamwambia nitamfuata. Mama Nafula akatangulia akipaza sauti, wakapinda kona, wakapotea.

Nilikaa kizingitini, nyuma yangu marobota ya nguo. Niliogopa. Nilikuwa nimewahudumia wagonjwa wengi wa watu wengine, na hakuna hata mmoja aliyenifundisha kumsubiri wangu. Niliichukia ile sheria, nikamchukia na Mkuu wa Kozi, ambaye alikuwa amestaafu zamani.

Hatimaye mlango ukatokea kwenye kona, Chebet mbele, mwenzake nyuma. Ulikuwa unachuruzika maji.

Jirani aliyekuwa akikaanga mandazi aliuona, akaepua karai lake. Mtu akazima redio. Mwanamke mmoja akaja akaniwekea mkono begani, na hapo nililia mbele ya wanafunzi wangu.

Chebet akasimama ghafla. "Mwalimu, mbona unalia? Ako theatre, anashonwa. Ameongezwa damu, na Mama Nafula amebaki na yeye."

"Na mlango?"

"Ilikuwa imejaa damu. Nikaona ni aibu kumrudishia mama ya watu hivyo, tukaiosha."

Ndunge alipona, ingawa anachechemea. Bado huniuliza, kwa utani ambao si utani mtupu, kama mitumba ya Mama Nafula ilikuwa na thamani kumliko. Ninachojua ni kwamba mlango ule ulitolewa upesi kwa sababu wenzangu walikuwa wamekaa kwenye vizingiti vingine kabla yangu.

Sasa nimestaafu. Naishi Gatina, upande wa Kawangware, kwenye ghorofa lenye milango ya chuma isiyong'oka, na hilo hunitia wasiwasi. Chebet ni mkufunzi. Kabla sijaondoka niliongeza somo moja kwenye mtaala, naye huwafundisha wanafunzi wake siku ya kwanza: mgonjwa akiwa hai, mlango urudi na damu yake. Mwenyewe ataosha.