Mafungu ya Unga Nyuma ya Nyumba

Wenzangu waume zao walirudi kutoka vitani Burma na mablanketi; mmoja wa kijiji cha Makote alirudi na baiskeli. Wangu alirudi na kukaa. Kila alfajiri alitandika mkeka nyuma ya nyumba yetu pale Newala, akakunja miguu, akafumba macho, kimya, mpaka jua likamfikia magotini. Saa hizo mimi nilikuwa nateremka bondeni kuchota maji, maana kule juu maji hayakuwapo. Nisiseme uongo, nilichukia.

Nilipomuuliza, alisema alifundishwa na mtawa wa Kibudha aliyemuuguza homa. Unatulia, unafuata pumzi yako, kisha unawataja watu moyoni na kumtakia kila mmoja amani: umpendaye, usiyemjua, mwisho adui yako. Mtawa alimwambia hakuna mtu aliyetengwa na wenzake. Ukimwombea mmoja mabaya, umejiombea mwenyewe. Mimi, binti wa mwalimu wa kanisa kutoka Masasi, nilimjibu kwamba hayo yote yamo katika sala ya Baba Yetu, tena kwa kifupi. Alicheka. Kesho yake akakaa.

Jirani yetu, mama mtu mzima, mwanawe alikwenda vitani pamoja na mume wangu na hakurudi. Alimwona mume wangu akikaa, akaelewa kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angeelewa: anatambikia wafu. Akaja na unga wa mtama, ambao kwetu ndio sadaka ya wafu, akaumimina taratibu mbele ya mkeka, akalitaja jina la mwanawe, akaenda zake. Mume wangu hakufumbua macho. Ikawa kila siku fungu jipya.

Wazee wa kanisa wakasikia. Walikuja Alhamisi, wakanywa uji wangu, wakasema mtoto wetu hatabatizwa Jumapili iwapo unga utaonekana tena. Watapita Jumamosi kutazama. Mtoto alikuwa na miezi mitano, na surua ilikuwa imeshachukua wawili pale mtaani. Niliogopa asije akafa bila ubatizo.

Ijumaa mume wangu alimwendea jirani, nami nikafuata.

"Mama, mimi sitambiki," alimwambia. "Mwanao namtaja kila asubuhi, namtakia amani. Unga hauna kazi."

Mama akauliza ni nani wengine anaowataja. Mume wangu hakujua kuficha. Alisema baada ya mwana wa mama humtaja Mjapani aliyempiga risasi mwana huyo, kijana vilevile, ambaye mume wangu mwenyewe alimuua papo hapo. Mama akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nakiri nilifurahi. Nilijua unga umekwisha.

Jumamosi sikuteremka bondeni. Nilichukua ufagio kulipopambazuka, nisafishe mabaki kabla wazee hawajafika, nikazunguka nyuma. Mume wangu alikuwa amekaa. Mbele yake palikuwa na mafungu mawili mapya, na mama amepiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akagusa fungu la kwanza. "Hili la mtoto wangu. Na hili la yule Mjapani mwenziwe. Mama yake hajui alipolala, atamimina wapi?"

Huko mbele wazee walikuwa wameshaanza kupiga hodi. Niliuegemeza ufagio ukutani, nikaenda kuwaambia wapite nyuma.